Natafuta kazi ya forodha Mombasa, sasa naambiwa nitoe 'ya chai'

SWALI

Kwa Mshauri,

Salamu nyingi. Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Kisauni na mamangu na wadogo zangu wawili. Nilimaliza diploma ya ugavi na usafirishaji mwaka 2022. Nilifanya atachimenti (mafunzo kazini) ya miezi mitatu kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa mjini, na tangu hapo sijaajiriwa. Nashika duka la M-Pesa la mjomba wangu huko Bamburi, naye anilipa kidogo anachoweza.

Kila tangazo nikiliona naomba. Ukarani, stoo, mapokezi, mauzo, yote naomba. Aghalabu sijibiwi hata kuambiwa nimekosa. Wachache wanaojibu wataka uzoefu wa miaka mitatu, na uzoefu nitautoa wapi ikiwa hakuna anayenipa pa kuanzia? Nimepita ofisi za Moi Avenue na Nkrumah Road na bahasha mkononi. Askari wa mlangoni huipokea, huiweka juu ya meza yake, basi.

Sasa kuna jamaa asema ana mtu wake bandarini. Ataka shilingi 40,000 za chai, nusu sasa, nusu nikipata barua ya kazi. Asema nafasi zimebaki mbili na orodha yafungwa Ijumaa. Mama ameshauliza mkopo kwenye chama chake. Upande mwingine, jirani yetu aweza kuniingiza kibarua cha kuhesabu mizigo kwenye ghala moja la Changamwe, kwa malipo ya siku. Mama hataki, asema hakunisomesha diploma ili nikasimame na vibarua. Na rafiki yangu aliyeko Saudia anihimiza niache yote nimfuate.

Nilipe? Nikubali kibarua? Na CV yangu ina kasoro gani? Nimeiambatanisha.

Msaka kazi, Kisauni

JIBU

Mwanangu,

Naanza na zile 40,000 kwa kuwa Ijumaa iko karibu. Usilipe, wala usitoe hiyo nusu. Mwambie mama asitie sahihi kwenye mkopo.

Halmashauri ya Bandari, KPA, hutangaza nafasi zake kwenye tovuti yake na magazetini, na imeshawaonya wananchi zaidi ya mara moja kuhusu matapeli wanaouza ajira kwa jina lake. Mchezo wa "nusu sasa, nusu baadaye" una hesabu yake. Jamaa hukusanya nusu kutoka kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Akitokea mmoja wao kuitwa kazini kwa jitihada zake mwenyewe, jamaa hujipa sifa na kudai nusu ya pili. Waliobaki huambiwa orodha imerudishwa Nairobi, au mkubwa amehamishwa, wasubiri awamu ijayo. Ijumaa aliyokuwekea ni ya kukunyima muda wa kuuliza. Mwombe namba ya tangazo na jina la cheo kama lilivyochapishwa, kisha tazama atakavyokwepa. Na hata ikiwa kweli ana mtu ndani, Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji pamoja na mpokeaji. Ndiyo sababu wengi wanaolizwa kwa njia hii hunyamaza, naye anautegemea ukimya huo.

Ikiwa mama ameshatuma chochote kwa M-Pesa, peleka ujumbe wa muamala huo kwenye 456 sasa hivi. Kila dakika inayopita, uwezekano wa pesa kutolewa kwa wakala unazidi.

Nikija kwenye CV, nimeisoma yote, kurasa nne. Ukurasa wa kwanza umejaa dini, hali ya ndoa, namba ya kitambulisho, shule ya msingi na lile fungu la "mchapakazi anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa" ambalo saiba nyingi za mjini (maduka ya intaneti na uchapaji) humwekea kila mteja. Atachimenti yako imetajwa ukurasa wa tatu, kwa mstari mmoja: jina la kampuni na miezi. Duka la M-Pesa halimo kabisa. Kwa hiyo anayeisoma akifika mwisho wa ukurasa wa kwanza hajui bado unaweza kumfanyia nini, na aghalabu hafiki wa pili.

Mjue huyo msomaji. Kwenye kampuni ndogo ya klaringi, yaani ya uwakala wa forodha, mara nyingi si afisa wa wafanyakazi, ni mkuu wa shughuli mwenyewe, ambaye ana meli imefunga gati na siku za bure za kontena zinamwishia. Zikiisha, gharama za hifadhi huanza kuhesabiwa, na mteja humgeukia yeye. Mtu huyo anatafuta msaidizi ambaye hatamletea hasara. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba. Ukikosea tarakimu moja kwenye hati, mzigo na karatasi havilingani, ukaguzi unakwama, marekebisho yanaombwa, na siku zinaliwa. CV yako ikionyesha kwamba unalijua hilo na umewahi kulifanya, ataisoma. Akikuta neno "mchapakazi" tu, anafungua inayofuata.

Ipunguze iwe kurasa mbili. Juu kabisa weka jina, simu, barua pepe na mtaa. Namba ya kitambulisho iondoe, kwa kuwa CV hupita mikono mingi na namba hiyo hutumika vibaya. Chini ya jina weka mistari mitatu ya kazi unazoziweza, kisha atachimenti iingie ukurasa wa kwanza, iandikwe kwa kazi zilizofanyika: kulinganisha ankara, orodha ya paking na bili ya ledingi (hati ya mzigo kutoka kampuni ya meli) kabla ya faili kufunguliwa, kuandaa maombi ya vibali vya KEBS (viwango vya ubora) au KEPHIS (afya ya mimea) kwenye mfumo wa serikali wa KenTrade, kufuata delivari oda (ruhusa ya kutoa mzigo) kwa wakala wa meli, kufuatilia malipo ya bandari. Andika uliyoyafanya kweli, kwa sababu ndiyo utakayoulizwa. Ikiwa mfumo wa forodha wa iCMS uliuona tu mwenzako akiutumia, andika kwamba uliwasaidia waandishi wa hati. Usiseme uliutumia.

Duka la mjomba nalo ni kazi, usilionee haya. Kufunga hesabu ya floti (pesa za wakala zilizo kwenye simu) na taslimu kila jioni, kutunza daftari la miamala, kukagua kitambulisho cha mteja kabla ya kutoa pesa: haya yote mwenye stoo au mwenye klaringi anayaelewa. Pia yanajaza pengo la tangu 2022, ambalo sasa hivi linaonekana kama ulikaa nyumbani tu.

Faili iwe PDF, maana faili ya Word huvurugika ikifunguliwa kwenye simu. Ipe jina lako na neno CV, si "CV mpya 2 final". Vyeti vyote viskaniwe kwa mpangilio kwenye PDF moja. Picha kumi za simu zilizoambatanishwa moja moja hakuna atakayezifungua. Kwenye kichwa cha barua pepe andika cheo na namba ya tangazo. Ndani andika mistari mitano au sita, na utume kutoka kwa anwani yako mwenyewe, kwa sababu ukituma kwa anwani ya saiba, jibu litarudi saiba. Halafu wapigie wadhamini wako watatu. Namba ya simu isiyopatikana, au mwalimu asiyekukumbuka, huweza kukukosesha nafasi ukiwa umefika mlangoni, na hutaambiwa kwamba ndiyo sababu.

Kuomba kila kitu ndiko kunakokuchosha zaidi. CV moja inayotumwa kwa mapokezi, mauzo, stoo na forodha haimfai yeyote kati ya hao wanne. Chagua mbili: forodha na stoo. Andaa CV mbili zenye mambo yale yale kwa mpangilio tofauti. Kwa stoo usizisahau hoteli. Nyali, Bamburi na Shanzu ziko upande wako wa daraja, hulazimiki hata kuingia mjini. Msimu wa wageni hupanda Julai na Agosti, kisha Desemba, na hulala kuanzia Aprili hadi Juni wakati wa masika. Ukipeleka ombi Mei unapeleka kwa mtu anayepunguza wafanyakazi. Lifike Oktoba, kabla hoteli hazijajaa. Stoo ya hoteli itakuuliza kadi ya bidhaa inajazwaje, kwa nini kilichoingia kwanza hutoka kwanza, na utafanya nini kuhesabu kukionyesha katoni mbili zimepungua. Jibu la swali hilo la mwisho ni kuhesabu tena na mtu wa pili, kulinganisha na hati za kupokea na kutoa, kisha kumwandikia mkubwa siku hiyo hiyo. Anayejibu kwamba atasubiri mwisho wa mwezi hachukuliwi.

Kuhusu ile miaka mitatu, waajiri wengi huiandika ili kupunguza rundo la maombi. Ikiwa kazi zilizoorodheshwa kwenye tangazo unaziweza kwa zaidi ya nusu, omba. Ikiwa wanatafuta mwandishi mkuu wa hati za forodha atakayebeba dhamana ya kampuni mbele ya KRA, mamlaka ya mapato, acha, hiyo si yako bado. Wanaoanza klaringi huingilia chini: kutembeza hati kati ya ofisi, kufungua na kupanga mafaili, kuingiza data, kuhesabu mizigo ghalani. Nafasi hizo hazitangazwi sana. Kampuni ya watu watano ikizidiwa na kazi, humchukua aliyekuja juzi na akaacha kitu kinachosomeka.

Ndiyo maana bahasha kwa askari haifai. KRA huchapisha orodha ya mawakala wa forodha wenye leseni. Ichukue, uteue kumi ambao ofisi zao unazifikia kwa matatu moja, kisha piga simu mapokezi uulize jina la mkuu wa shughuli. Barua yako iwe ya ukurasa mmoja, yenye jina lake, ikisema ni kazi gani uko tayari kuanza nayo. Nenda katikati ya wiki, saa nne asubuhi. Ijumaa mchana usiende: wengine wako msikitini, na wanaobaki wanakimbizana na mizigo kabla ya wikendi. Uliza kama unaweza kumwona kwa dakika tano. Ukikataliwa, acha barua kwa mapokezi na uchukue jina la aliyeipokea. Baada ya wiki moja piga simu mara moja, baada ya wiki mbili tuma ujumbe mmoja, kisha mwache uendelee na wengine. Andika kwenye daftari ulikokwenda, uliyezungumza naye na alichosema, usije ukampigia mtu yule yule mara tatu ukidhani ni mwingine.

Ukiitwa kwa mahojiano ya klaringi, jiandae kupewa kalamu. Swali la kawaida ni kukokotoa kodi. Tuseme thamani ya forodha, yaani bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli ya meli, ni shilingi 1,000,000, na bidhaa inatozwa ushuru wa asilimia 25 bila ushuru wa bidhaa wa ndani. Ushuru wa forodha ni 250,000. VAT ya asilimia 16 haihesabiwi juu ya milioni moja, inahesabiwa juu ya 1,250,000, nayo ni 200,000. Wengi hukosea hapo, wanaandika 160,000. Ada ya IDF (fomu ya tamko la kuagiza bidhaa) na tozo ya reli hukokotolewa juu ya ile thamani ya forodha. Viwango vyake hubadilishwa na Bunge mara kwa mara, kwa hiyo vitazame kwenye tovuti ya KRA usiku wa kuamkia mahojiano, na uvitaje pamoja na mwaka.

Kuna cheti kimoja ninachokusihi ukifikirie kuliko kurudi chuoni kwa digrii sasa hivi. Ni cha EACFFPC, mafunzo ya uwakala wa forodha ya Afrika Mashariki, yanayotolewa na chuo cha KRA, KESRA, chenye tawi hapa Mombasa. Wakala anapoomba leseni ya forodha huangaliwa kama ana watu wenye cheti hiki, na leseni hizo huisha tarehe 31 Desemba kila mwaka. Mwezi wa Oktoba na Novemba kampuni zinahesabu vyeti vya watu wao. Mwombaji aliye nacho wakati huo husikilizwa tofauti.

Jambo la karatasi nalo linamaliza pesa za vijana bure. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri anaweza kukudai vyeti vya uthibitisho, kama cha maadili mema cha polisi, HELB (mkopo wa elimu ya juu) au CRB (rekodi ya madeni), anapokusudia kukuajiri, si unapoomba tu. Tangazo la kampuni binafsi likitaka vyote hivyo mapema, tuma ombi na ueleze utavileta ukipewa kazi. Cha polisi pekee ningekishauri ukianze mapema kupitia eCitizen, kwa kuwa alama za vidole na kusubiri huchukua muda. Na nafasi za serikali ya kitaifa na mashirika yake zitazame kwenye gazeti la MyGov, ambalo hutoka Jumanne.

Sasa kibarua cha Changamwe. Kikubali. Kuhesabu mizigo ghalani ni mojawapo ya zile njia za kuingilia nilizokutajia, na mwambie mama kwamba hapo utakuwa unashika kontena zile zile ulizosomea. Utajifunza namba ya sili (lakiri ya mlango wa kontena) inavyokaguliwa kabla mlango haujafunguliwa, jinsi katoni zilizolowa zinavyoandikwa pembeni zikiwa bado ndani, na kwa nini hesabu ya ghala na orodha ya paking hutofautiana. Baada ya miezi michache una jibu la swali la uzoefu, tena lenye majina ya wasimamizi wanaoweza kupigiwa simu.

Lakini usiingie hivi hivi. Siku ya kwanza uliza malipo ni kiasi gani, yanalipwa lini, nani hutoa buti na koti la kuakisi mwanga, na ukiumia nani anakupeleka hospitali. Toa nauli na chakula kwenye malipo ya siku uone kinachobaki: tuseme nauli na chakula ni 200 kwa siku, mara siku 22 ni 4,400 zinazotoka kila mwezi kabla hujapeleka chochote nyumbani. Weka daftari lako: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, namba za kontena ulizohesabu, jina la msimamizi. Omba ulipwe kwa M-Pesa ikiwezekana, kwa kuwa ujumbe wa malipo ni ushahidi. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa wa kutwa, na mkataba wa miezi mitatu au zaidi unatakiwa uwe wa maandishi. Kuna wasimamizi wanaowasimamisha vibarua siku chache kila mwezi ili kuukwepa mwezi huo. Daftari lako ndilo litakaloonyesha, ukifika ofisi ya kazi. Na usiache kutuma barua zako. Zungumza na msimamizi upewe siku moja ya katikati ya wiki bila malipo, hiyo iwe ya kutafuta.

Saudia sikukatazi, ila si jambo la kuamua kwa kuchoka. Wakala yeyote anayekupeleka lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na orodha yao iko kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Jina lazima lifanane herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli hutumia majina yanayokaribiana. Soma mkataba kabla ya pasipoti kutoka mkononi mwako, katika lugha unayoielewa, na nakala ibaki kwa mama. Muulize rafiki yako maswali ya wazi: anapumzika siku gani, simu anashika nani, mshahara unaingia benki au mkononi, na kazi anayofanya ndiyo iliyoandikwa kwenye mkataba? Ukiona kazi utakayopewa ni ya nyumbani, jua kwamba diploma yako haitaongezewa uzoefu hata siku moja huko, na ukirudi utaulizwa tena uzoefu wa forodha.

Mama ana haki ya kuhofia, amekungoja miaka. Ikiwa bado anataka kukusaidia, asikope 40,000. Nendeni pamoja KESRA muulize ada ya EACFFPC na kama hulipwa kwa awamu, mpewe karatasi yenye kiwango na akaunti ya chuo. Kama kuna pesa ya kutoka chamani, itoke kwa kiasi hicho tu, ilipwe benki, na risiti mkae nayo ninyi.